Kalunde Wawili

Wodi ya pili, Urambo, saa nane usiku.
Kalunde Maganga, kitanda cha nne.
Kalunde Maganga, kitanda cha tisa.
Mkononi mwangu pakiti moja ya damu.

Nikapitisha kimashine kwenye utepe wa mkono wake.
Kikalia.
Nikakifuta kwa aproni, nikarudia.
Kikalia tena, kikaidi kama mbuzi wa mnadani.

Nilikasirika. Miaka kumi na tisa nasoma majina!
Ndipo nikasoma tarehe ya kuzaliwa.

Mwaka ule, kabla ya tepe hizi,
tuliandika "amri ya Mungu"
tukafunga daftari.

Asubuhi nimeandika: nilikosea, nikazuiwa.
Dokta Ntabindi kaisoma mbele ya wote.
Hakuna aliyenikunjia uso.

Kalunde wa tisa analalamika
uji hauna sukari.