Tabaka Nne, Ipagala

Biskuti nimezisaga kwa chupa ya soda,
nikazishindilia na siagi kwenye trei ya bati
mpaka zikashikana kama sakafu ya udongo
siku ya tatu tangu ipigwe.
Hiyo ya kwanza.

Ya pili ni sukari, na sukari haina subira na mtu.
Ukiiacha ukapokee simu, unarudi unakuta mkaa;
ukiikoroga kwa pupa, inakurudia chembechembe
kama haijawahi kukuona.
Nimeungua kidole gumba, nimekilamba, nimeendelea.
Nikamimina maziwa, ikafoka, ikanuna, ikatulia,
rangi ya bwawa la Hombolo baada ya mvua.

Karanga ni za Kibaigwa, zimekaangwa kwa mchanga,
zimepepetwa, zimepondwa nusunusu,
na zabibu kavu kiganja kimoja,
kwa sababu mama Nyemo ana shamba Makutupora
na hataki ninunue, lazima anipe.

Ya nne ndiyo iliyonishinda Oktoba yote.
Chokoleti ya Dodoma mwezi wa kumi haigandi.
Friji ninalo, umeme ndio mgeni.
Nilikata vipande ishirini na vinne, nikavichovya,
vikanitazama, vikateleza, vikawa uji.
Watoto walikula kwa kijiko wakanisifu.
Sikutaka sifa.
Nilitaka kitu kinachokatika kwa sauti.

Maana sauti hiyo niliisikia mara moja.
Nilikuwa na miaka tisa, tuko Mvumi,
baba ametoka kuchimba kisima cha watu,
mfukoni ana kipande kimoja, karatasi inameta,
kapewa na fundi wa pampu.
Akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa,
akakikata kwa wembe sehemu saba.
Sisi tulitazama utamu. Yeye alitazama ubavu.
“Hebu oneni,” akasema, “nao wana kichanga.
Wana mfinyanzi. Wana changarawe.”
Chake akala mwisho, polepole,
kama mtu anayetafuta maji.

Basi nikangoja Julai.
Kipupwe kikaingia na upepo wake ule
unaofungua milango bila hodi.
Saa kumi alfajiri trei iko nje, juu ya karo,
nimeifunika chandarua, nimekandamiza pembe kwa mawe,
nimekaa na blanketi kama mlinzi wa benki,
pua inachuruzika, mbwa wa jirani ananishangaa.
Kulipokucha niligonganisha viwili:
vililia kama vigae.

Baba ninaye hapa siku hizi, chumba cha uani.
Macho yamepungua, meno yamebaki ya ushahidi.
Nikampa kisu. Hakuuliza ni nini.
Akakata: ko.
Akapitisha ukucha ubavuni, toka juu kwenda chini,
penye ugumu, penye kukwaruza, penye kunata, penye ukavu,
midomo inahesabu pima.

“Mwamba umeuweka juu,” akasema.
“Nani anachimba hivi?”

“Ndivyo wanavyofanya wenyewe, baba.”

“Basi hao hawajawahi kufika kwenye maji.”

Akatafuna upande wa kushoto, kwenye gego lililobaki.
Katikati ya karanga na sukari kitu kikalia, krr.
Punje ya mchanga. Upepo ulipita chandarua.
Nikakinga kiganja ateme.
Akatikisa kichwa, akameza.

“Hii sasa naijua,” akasema,
akaivuta trei upande wake.