Kikohozi cha Alhamisi

Redio ya karani Ndasa tuliiita Mgeni,
kwa kuwa ilivikwa kitambaa, ikapewa meza,
na sisi wenyeji tukakaa chini.
Betri yake, nzito kama tofali,
ilianikwa juani kila adhuhuri pale uani Isevya,
na mimi, mwepesi kuliko wote,
nilipandishwa juu ya bati kushika waya.
Ndiyo maana michezo yote niliisikia kutoka juu,
nusu maneno, nusu upepo.

Alhamisi, saa mbili kasorobo.
Kwanza mkwaruzo, kama mtu akaangaye karanga mbali.
Kisha mlango ukalia, mlango usiokuwepo,
na wanawake wote wakageuka kuutazama wetu.
Bi Kalunde hakugeuka.
"Ni Mihayo huyo," alisema. "Mlango ule ni mdomo wake."

Mihayo mwanawe aliondoka na treni ya mizigo kwenda Dar es Salaam,
ana shati moja na kipaji kisicho na mnunuzi hapa kwetu:
kuiga.
Mvua aliifanya kwa choroko ndani ya ungo,
punda kwa vibuyu viwili,
na garimoshi la Mwanza kwa kifua chake mwenyewe,
hata siku moja baba yake, mshika bendera wa stesheni,
akatoka mbio na bendera, akaipungia reli tupu.
Alimchapa kwa hilo.
Baba huyo ndiye aliyekuja kufa kwa kifua.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha:
mzee bahili, mgonjwa, kalalia fedha zake,
watoto wanahesabu pumzi.
Nilimsikia Ndasa akicheka mpaka akapaliwa.
Halafu yule mzee akakohoa.

Mara tatu fupi, moja ndefu,
na mwishoni ule mluzi mwembamba
wa birika linaloepuliwa.

Chini yangu kicheko kikakatika.
Isevya nzima ilikijua kikohozi kile.
Kilituingilia madirishani miezi saba.

Kesho yake watu walinong'ona: mwana gani huyu,
anamfukua babaye awachekeshe watu wa pwani?
Wengine walileta unga na kuni, kama matanga,
wasijue pole wampe nani na ya nini.
Bi Kalunde alipokea unga. Kuni alizirudisha.

Lakini usiku wenyewe alitoka uani,
akaniinulia uso, akasema:
"Mtoto, usitikisike."
Nikaushika waya kwa mikono miwili mpaka ikafa ganzi.
Mzee akakohoa tena, akafa.
Wanawe wakararua mto. Mtangazaji akatushukuru.

Marehemu hakupigwa picha hata moja.
Kanzu yake ilishakatwa vipande vya kupangusia taa.
Na sauti ile ilipita mara moja tu,
ikaenda zake juu ya miombo upande wa Urambo,
ambako labda mtu asiyemjua
alikuwa bado anacheka.

Mihayo alikuja likizo baada ya mwaka, kavaa tai,
macho hayatulii.
Mama hakumuuliza neno. Alimsongea ugali,
akamwekea asali pembeni kama zamani,
akamngoja anawe.

"Ule wa mwisho," akasema, "uliukata mapema.
Baba yako alichukua muda."