Skrubu ya Mita ya Tisa

Basi la asubuhi huishia hapa, kileleni Csillebérc,
ambapo theluji haiombi ruhusa kuingia mabutini.
Naonyesha kadi langoni, natundika koti,
kisha nazungumza na nisiyemwona:

nyutroni, wewe usiye na chaji,
upenyaye risasi kama mgeni akatizaye sebule
bila kumsalimu mtu,
kifuani umebeba kijisumaku
kidogo hata kukitaja naona haya.
Kwa ajili yake nimechora miaka sita.

Nimechora njia ya vioo, mita kumi na nne,
vioo vya kumpitisha aliyesimama
na kumtupa kando aliyepinduka.
Nimechora koili ya kukugeuza kichwa chini miguu juu
katikati ya mwendo, wala usijue.
Nimechora zege, na upenyo mwembamba kama ukingo wa ukucha,
na mwishoni, juu ya meza ya graniti, utando:
matabaka ishirini ya atomi za chuma, kromu kidogo, tena chuma.
Réka aliupika Szeged, ndani ya ombwe,
akauleta kwa treni, mapajani,
ndani ya kopo la biskuti.

Huugongi utando. Unaupapasa,
kwa pembe isiyofika digrii moja,
kama seremala alazaye shavu mezani
kuona iwapo ubao umepinda.
Unavyoruka ndivyo unavyojibu:
chuma cha juu kimeelekea wapi, cha chini wapi,
na pale vinapokaribiana
nani amemgeuzia mwenzake mgongo.

Ila mwaka ule jibu lilikuja na matope.
Kati yenu mia, tisini na wanane mlipaswa kufika wima.
Mlifika themanini na mmoja.
Nikahesabu upya. Nikalaumu koili, nikalaumu vioo,
nikamlaumu Zsombor aliyeandika programu,
naye akalaumu michoro yangu,
tukanywa kahawa wiki tatu bila kutazamana.

Bwana Kucsera wa karakana hakumlaumu mtu.
Alikuja Jumatatu na dira ya plastiki,
ya binti yake, ya kambi ya likizo, kioo kimepata ufa.
Akaitembeza kando ya njia, kidole kwa kidole,
pumzi ameibana.
Mita ya tisa, sindano ikashtuka.

Skrubu.
Moja, ya chuma, nyuma ya kishikizo cha alumini.
Za shaba zilimwishia Desemba,
maduka yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu,
na aliyekuwa akimharakisha ni mimi.
Aliijua kabla hajaifungua.
Akaiweka kiganjani, akasema, "Samahani, Etelka,"
huku macho yake yako kwenye njia, si kwangu,
kama kwamba wa kuombwa radhi ni wewe.

Jioni ile mlifika tisini na wanane.
Zsombor alicheka peke yake mbele ya skrini
kisha akaniletea kahawa, yenye sukari, ninayoichukia.
Niliinywa yote.

Skrubu iko nyumbani kwangu, mlangoni mwa friji.
Nilijaribu kuibanishia orodha ya sokoni:
maziwa, vitunguu, betri.
Karatasi ikaanguka.
Nikairudisha, ikaanguka tena.
Haina nguvu hata ya kushika karatasi.