Makosa Arubaini na Saba

Saa tano usiku, Al-Khuwair.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni,
chai ya karaki imeshika utando.
Nimeupeleka ukurasa wa kliniki ya Ibra
mbele ya kikaguzi, nacho
hakikuniamkia, hakikunikaribisha:
makosa arubaini na saba.

Mistari myekundu, mmoja chini ya mwengine,
kama pilipili zilizoanikwa juu ya jamvi.
Wa kumi na mbili: umefungua, hukufunga.
Wa thelathini: kitu hiki si mahali pake.
Wa sitini: jina hili lina wenyewe wawili.
Nani kaandika upuuzi huu? nikafoka peke yangu.
Jina langu liko juu, na tarehe:
Ramadhani, dakika kumi kabla ya futari.

Mama alikuwa akishona kofia za kuuza Matrah.
Tundu moja likienda upande
safu yote hulifuata, na ua huwa buibui.
Usifumue mwisho, akisema,
rudi pale mkono ulipoteleza.

Nikarudi mstari wa kumi na mbili.
Mkwaju mmoja tu, umelala ubavu,
nikautia, nikafunga.
Nikakagua tena: kumi na sita.
Thelathini yalikuwa vivuli vya hilo moja.

Kisha picha. *Picha haina maelezo.*
Ningeandika "picha", kikaguzi kingeridhika,
hakiulizi zaidi ya hapo.
Lakini nikamkumbuka mama mdogo Shinuna,
sukari imemla macho,
simu sikioni inamsomea:
picha. Picha. Kitufe. Picha.
"Kliniki yenu hiyo," aliniambia,
"mbona ina maneno mawili?"

Nikaandika: *Mlango wa kijani, ngazi mbili;
kiti cha magurudumu kipite kushoto.*

Na Kiarabu, maskini, kilikuwa kinatembezwa kinyumenyume,
nukta imetangulia sentensi yake.
Nikakirudisha njia ya kwao,
kutoka kulia.

Saa nane na robo: kijani.
Hakuna kosa.
Nikalala na viatu.

Asubuhi nikampigia Shinuna: sikiliza sasa.
Akausikiliza ukurasa mpaka mwisho,
ngazi akazihesabu kwa vidole,
akaipiga namba iliyoandikwa.
Akaitika fundi wa matairi, Sinaw.

Tarakimu nane, zimekaa sawasawa,
zimefunguliwa, zimefungwa,
hazina ila.

"Ana adabu, mwanangu," Shinuna kasema.
"Wagonjwa wa Ibra humpigia kila Jumapili
tangu Ramadhani.
Namba ya kweli kaiandika kwa chaki ukutani,
juu ya mashine ya upepo.
Kanisomea mara mbili, polepole,
akanisubiri nirudie."