Nililigonga, Nikasikiliza

Chungu hununuliwa kwa sikio.
Hivyo alinifunza mama, sokoni Ipuli,
akigonga ubavu kwa fundo la kidole:
kikilia ngi, kichukue;
kikilia pwa, kina ufa, kiache na bei yake.

Kwa hiyo Jumamosi, dukani kwa Bwana Kapama, Gongoni,
tuliposimama watano mbele ya kaunta moja,
mimi, Mlekwa, Nyanzala, na pacha waliokwisha kugombana njiani,
nilikuja na sikio langu
na hela ya madebe mawili ya asali
imefungwa kwenye pindo la kanga.

Pacha walitaka lile jekundu.
Taa mbele, taa nyuma, taa chini ya tumbo,
king'ora, na kibandiko cha radi mlangoni.
Nyanzala, mwenye miaka kumi na minne, hakutaka lolote;
alitaka tumalize upesi, wenzake wasimwone.
Mlekwa aliuliza la mwendo:
"Linakwenda kasi gani?"
Kama vile tuna barabara ya kulikimbizia,
sisi wa Cheyo, ambako mchanga
humvua mtu kandambili huku anatazama.

Nikaligonga jekundu.
Lililia kama kasha tupu la biskuti.
Nikaligeuza: magurudumu ya nyuma yanavuta,
ya mbele yanafuata tu, kama wageni
kwenye msiba wa watu wasiowajua.
"Na gia?"
"Plastiki, mama, lakini ngumu."
Ngumu. Hata barafu ni ngumu, asubuhi.

Juu kabisa, nyuma ya pasi na majagi,
palikuwa na jingine, rangi ya udongo wa kichuguu,
tairi nene zenye meno, springi nne,
halina taa hata ya kuombea njia.
Kapama alilipangusa vumbi kwa mkono wa shati.
"Hili linakaa tu. Watoto hawalipendi."
Akalifungua tumbo kwa bisibisi ndogo.

Mlekwa akainama. Akanyamaza.
Miaka kumi na tisa karakana ya reli,
na sasa mwaka wa pili nyumbani
akipanga upya misumari iliyokwisha kupangwa:
kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye gia.
"Chuma," alisema. "Na ekseli ya mbele nayo inavuta.
Yote manne."

"Linaingia maji?"
"Tope, ndiyo. Mtoni, usinitaje."
"Vipuri?"
"Ninavyo. Gurudumu, springi, betri ya pili."
"Nikiliangusha?"
Kapama alinitazama, akaitazama kanga.
"Angusha."

Nikaliachia kutoka usawa wa kifua.
Lilidunda mara mbili, likasimama kwa miguu yake
kama mbuzi aliyeruka ua.
Nikaligonga.
Ngi.
Pacha walinuna hadi tulipovuka reli.

Jioni walizisahau taa.
Lilipanda rundo la matofali, likashuka na tope,
likapeleka limau kwa Mama Sizya,
likarudi na chumvi ndani ya karatasi.
Nyanzala aliomba rimoti dakika moja tu; ikawa magharibi.
Doto aliligongesha kinu.
Kinu kikakaa. Lori likakaa.
Kuku wetu hakukaa. Hadi leo hutaga kwa jirani.

Usiku nikashtuka, upande wa Mlekwa umepoa.
Nje, mbalamwezi, na mngurumo mdogo wa gia.
Alikuwa amechuchumaa, kaptura na fulana,
rimoti mikono miwili,
akilipandisha kizingiti cha jiko.
Likateleza. Tena. Likateleza.
Likafika.
Akacheka,
si kwa sauti ya kuamsha mtu.
Sikuwa nimekisikia kicheko kile
tangu siku aliyokuja na barua, akaiweka mezani
chini ya kikombe.

Nilibaki nyuma ya pazia la mlango,
nimetega sikio kama sokoni Ipuli.
Kisha ule mngurumo ukaanza kulegea,
lori likitambaa, likisita.
Nikarudi ndani kwa vidole vya miguu
kumtafutia betri ya pili.