Mayai Yaliyooshwa

Masika ya Yombo hayabishi hodi.
Huanzia chini, sakafuni,
yakapanda ukutani kama madoa ya chai.
Chumvi koponi ikawa tope,
viatu vya Ijumaa vikaota ndevu za kijani.

Nina kuku kumi na tisa na jogoo mmoja mzembe
anayewika saa nane usiku, jirani akiwasha taa.
Banda nimeliinua kwa matofali, matatu matatu,
maji yapite chini kama wapita njia.
Kila Jumamosi naenda kwa Fundi Pazi, penye vitanda,
naomba maranda makavu, gunia moja.
Natia mkono hadi kitako cha gunia,
maana fundi yule hukausha maneno tu.

Maranda yakilowa, banda hutoa harufu ya kukwaruza macho,
vifaranga hujikunyata, mabawa yamelegea,
nawe huna budi: fagia, beba, mwaga, anza tena,
na mvua inakutazama.

Mayai nayaokota mara tatu kwa siku.
Lenye uchafu nalisugua kwa kipande cha gunia, taratibu,
naandika tarehe kwa penseli,
nalisimamisha kwenye trei, ncha chini,
trei juu ya kiti, kiti mbali na ukuta.
Maji hayaligusi.
Hayo sikufundishwa na mtu.
Nilifundishwa na trei mbili za mwaka juzi,
zilizorudishwa na dada wa chipsi
pamoja na maneno ambayo siyaandiki hapa.

Sasa, Alhamisi ile nilikwenda Temeke hospitali, mguu wangu huu.
Narudi, namkuta Atuganile, mke wa mwanangu Kondo,
wiki yake ya tatu ndani ya nyumba yangu,
povu limempanda hadi viwikoni,
na mbele yake beseni: mayai yangu yote, sabini na mawili,
yanang'aa kama meno ya mtoto.
Tarehe zangu zimekwenda na maji.
"Mama," akasema, "nimeyasafisha."

Neno lilikuwa tayari ulimini.
Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Nikamtazama miguu: amesimama kwa vidole,
kama mtu asiyejua aegemee wapi.
Nikalimeza lile neno na ganda lake.

Nikamwambia: yai hutoka kwa mama yake limevaa.
Nguo yenyewe nyepesi, huioni,
lakini ndiyo inayouzuia ukungu kwenye vitundu vya ganda.
Ukiliosha umelivua,
na masika haya hayana staha kwa aliye uchi.

Akafikiri. Akasema:
"Kwetu Tukuyu mvua ni baridi, mama, yai hukaa.
Mvua ya huku ina jasho."

Nikacheka hadi mguu ukaniuma.
Miaka arobaini nailowa mvua hii,
sijawahi kuipatia jina zuri hivyo.

Basi ikawa tuyale kabla hayajatushinda.
Umeme ulikatika tangu adhuhuri.
Tukawasha majiko mawili ya mkaa barazani:
haya ya kuchemsha, yale ya nyanya na hoho.
Akaja Mama Sikujua na wanawe sita,
akaja mlinzi wa godauni na kikombe chake cha bati.
Hata Mwinjuma, tuliyenuniana kwa ajili ya mtaro,
alipitisha sahani juu ya ukuta bila neno.
Ikarudi imejaa. Bila neno.
Atuganile akigawa, akihesabu kwa Kinyakyusa,
mvuke ukimfuta na kumrudisha.

Asubuhi nikamkuta bandani, kaniwahi,
kanga kichwani, miguu ndani ya maranda,
yai lina joto bado mkononi mwake, kavu,
penseli sikioni.
Akaandika tarehe, ulimi nje kidogo.
Kakosea, kaandika ya kesho.

Sikuifuta.