Mgonjwa Huulizwa Uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji.
Mimi nalipwa kumuuliza.
Uji wa nini? Kwa maji au kwa tui?
Kikombe kilijaa hadi wapi,
na kilichobaki alimalizia nani?

Kitanda cha tisa, wodi ya wanawake, Lamu.
Mwanajabu binti Shekue, miaka sabini na ushei kwa kukisia.
Aliteleza ngazini kwake Langoni,
na kidonda cha mguu hadi leo kimegoma kufunga.
Si dawa tu, namwambia daktari,
nyama mpya haijengwi kwa chai kavu.

Kusimama kwenye mizani hawezi.
Nazungusha utepe katikati ya bega na kiwiko,
mkono uliopakua pilau ya arusi tatu kwa siku moja.
Sentimita kumi na tisa.
Bangili inateleza hadi kiwikoni
bila kugusa ngozi.

"Yana ulikula nini, Bi Mwanajabu?"
"N'likula, nkashiba. Sina ndaa, mwanangu."
Naandika: amekula, ameshiba.
Kalamu inasita.

Siku kumi nampa pakiti za karanga, mbili kwa siku,
na uji wa soya wenye kijiko cha mafuta.
Siku ya kumi na moja, utepe: kumi na tisa.

Nikainua mto.
Tuseme kweli, mto ulianguka wenyewe
tulipomgeuza kumpangusa mgongo,
na leso iliyofungwa fundo ikafunguka sakafuni:
pakiti sita, hazijatobolewa.

Hakuomba radhi.
Alinitazama kama msaidizi aliyeunguza vitunguu.
"Kuna mtoto nyumbani, nyele zimempauka.
Alhamisi mamake huya kutwaa.
Nami sijapata kula, tangu nijue jiko,
kabla mgeni wa mwisho hajanawa."

Alhamisi, saa ya kutazama wagonjwa,
nikawangoja mlangoni na utepe wa rangi tatu.
Kibwana, miaka mitatu na nusu,
mkono ukasoma njano.
Nikamfungulia kadi yake, pakiti zake,
nikampa mama tarehe ya kurudi.

Nikarudi kitanda cha tisa.
"Mgeni wa mwisho ameshanawa."

Akaitazama pakiti. Akaing'ata pembeni,
akalamba, akafumba macho
kama anayeonja mchuzi wa watu mia nne.

"Aliyepika hiki," akasema, "hana mkono wa chumvi."

Nikaandika: amekula nusu.
Analalamikia chumvi.
Nikapigia mstari hiyo ya pili.